Uza korosho, usiuze mikorosho (Sehemu ya 5)

Mama zangu wa Marambo, Nachingwea, Ruangwa na kote mnakosoma, tuendelee. Leo natoka nje ya kliniki kidogo. Si mbali sana, maana ada ya chuo nayo inapandisha presha.

Mnaniuliza sana: "Nesi, digrii bado ina faida?" Ina faida, mama. Ila haina faida ya kukufanya uuze shamba la mikorosho.

Fanya hesabu na mimi. Digrii ni miaka mitatu au minne, udaktari mitano. Ada inadaiwa kila mwaka, shamba unaliuza mara moja. Mwaka wa pili utauza nini? Msimu unafunguliwa Oktoba, hela ya minada ya RUNALI inakuja karibu na wakati vyuo vinafungua. Hiyo ndiyo ya ada. Miti yenyewe iache, itazaa miaka mingi baada ya mahafali.

Zamani kuhatarisha shamba kulikuwa na sababu. Mpaka kama 2015, mwalimu alimaliza chuo, akasubiri jina lake litoke, akapangiwa shule. Januari 2025 walimu wameitwa kwenye usaili, wengi wanagombea nafasi chache. Cheti ni kilekile, ila sasa kinakufikisha mlangoni tu.

Kwa hiyo usiulize "ana digrii?" Uliza "kazi anayoitaka inadai nini?" Daktari au mfamasia, digrii haikwepeki. Lakini sisi wauguzi, stashahada ya miaka mitatu na leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga vinakuweka wodini. Digrii unaifuata baadaye ukiwa na mshahara wako. Na chuo cha uuguzi kipo hapo Nachingwea, mtoto si lazima apange chumba Dar.

Ruangwa nako kuna kinywe. Mgodi unataka fundi umeme, mchomeleaji, dereva wa mitambo. Anayetoka VETA si mtoto aliyefeli, jamani. Tuache kuwasema hivyo mbele za watu.

Kabla hujatoa hata shilingi, fanya haya:
1. Hakikisha chuo kimesajiliwa. Vyuo vya kati ni NACTVET, vyuo vikuu ni TCU. Jina la chuo lisipokuwepo, rudi na hela yako nyumbani.
2. Ulizia Bodi ya Mikopo. Tangu 2023/24 inakopesha hata stashahada, zikiwemo baadhi ya fani za afya.
3. Tafuta watu wawili waliosoma kozi hiyo. Waulize wanafanya kazi gani leo.

Najua wapo watakaosema, "Nesi, wewe umesoma, sasa unawakatisha tamaa wenzako." Hapana. Ninachokataa ni familia kuweka kila kitu kwenye karatasi moja, halafu kijana akikosa ajira anarudi nyumba isiyo na shamba na kila akila anahesabiwa. Hapo ndipo naingia mimi kama nesi. Kijana halali, hali, hataki kuonana na mtu, na majirani wanasema ana maringo. Mama, hiyo inaweza kuwa sonona. Mlete kituoni, na acha kumkumbusha ada. Shamba likiwepo, atalima korosho na ufuta huku akiomba kazi, na hakuna aibu hapo.

Na wewe mwenye kichanga mgongoni, una muda kuliko wote. Panda miche michache ya korosho mwaka huu, iite ya mtoto. Mkorosho unaanza kuzaa kama mwaka wa tatu. Huyo mtoto akimaliza kidato cha nne, miti yake itakuwa imekomaa, na mtachagua chuo bila kumpigia dalali simu.

Sehemu ya 6 turudi kwenye chanjo. Maswali ya vyuo wekeni hapo chini, nitajibu nikitoka zamu.