Mtaala wa Nyumbani Usio wa Dini: Mtoto wa Wote Asome Nini, na kwa Lugha Gani?

Wazazi wanaofahamu kwamba ninasomea shahada ya uzamili katika fasihi ya Kiswahili wamekuwa wakinijia, kila ninaporudi nyumbani Wote, na swali ambalo kwa mtazamo wa juujuu halimhusu mwanafasihi: je, ni mtaala upi unaomfaa mtoto wa Gredi ya 1 hadi ya 3 anayefundishwa nyumbani, mtaala usiochanganya hesabu na mahubiri? Tangu shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya janga la korona hadi zilipofunguliwa kwa wanafunzi wote Januari 2021, kila mzazi nchini Kenya alilazimika kuwa mwalimu kwa kiasi fulani, na wapo walioionja kazi hiyo wakaipenda. Nadhamiria katika makala haya kuonyesha kwamba swali lao ni letu sisi wa Kiswahili, na kwamba wengi wanaolijibu hulijibu nusu: huondoa dini katika kitabu cha mtoto, kisha pamoja nayo wakaiondoa lugha yake bila ya kukusudia.

Yafaa kwanza tuwaondolee wazazi hawa shutuma wasizostahili. Asiyetaka aya ya Biblia katika zoezi la kujumlisha si lazima awe mkana Mungu. Mmoja wa walioniuliza ni Mkatoliki aliyeolewa na Mwislamu. Wamekubaliana kwamba kila mmoja atamwonyesha mtoto njia yake, ila kitabu cha masomo kisimwamulie. Mwingine ni muumini thabiti ambaye huona kwamba imani ni jambo zito mno kuachiwa kijitabu cha mazoezi. Wa tatu hana dini, wala hana haja ya kumwomba mtu radhi kwa hilo: Kifungu cha 8 cha Katiba ya 2010 kinasema hakutakuwa na dini ya taifa, na cha 32 kinamlinda kila mtu katika dhamiri, dini na itikadi yake.

Lugha yetu yenyewe hutatizika mbele ya dhana hii. Tukisema "mtaala wa kidunia," mzazi wa Wote atakumbuka "nyimbo za kidunia," ambazo mhubiri huzikemea pamoja na pombe. Tukisema "wa kilimwengu," tumewaita walimwengu, na walimwengu katika Kiswahili hawana sifa njema. Kazi yao ni kusema watu. (Ugomvi wa mtaala na mtalaa nawaachia wanaisimu, maana wao wana subira.) Hata hivyo, Waswahili wa mwambao wametutangulia kwa jozi ya istilahi isiyo na lawama: elimu dunia na elimu ahera. Mtoto wa Lamu au wa Unguja hutoka skuli akaenda madrasa, na kila elimu ina mahali pake, wakati wake na mwalimu wake. Hakuna anayedhani kwamba elimu dunia ni uasi. Mzazi wa Wote anayetafuta mtaala usio wa dini anatafuta elimu dunia, basi. Ahera atashughulika nayo mwenyewe, au hatashughulika nayo. Ningependekeza istilahi hiyo ipande bara, maana tunaihitaji.

Huku Ukambani mambo hayakupangika hivyo, na sababu ni ya kihistoria. Kitabu na msalaba viliingia kwa mlango mmoja. Johann Ludwig Krapf alifika Kitui mwaka 1849, na mwaka uliofuata Injili ya Marko ikachapishwa kwa Kikamba. Mwaka 1895 Peter Cameron Scott na wenzake wa Africa Inland Mission walianzisha kituo chao cha kwanza Nzaui, katika Makueni ya leo. Scott alifariki mwaka 1896, lakini kusoma na kubatizwa vilibaki vimeshikana mkono. Hadi leo shule nyingi za umma huku zinabeba majina ya madhehebu, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inampa mdhamini wa shule nafasi katika makuzi ya kiroho ya wanafunzi, ingawa inamtaka azilinde imani za wengine. Sisemi haya kwa kubeza. Bila vituo hivyo wengi wa babu zetu wasingeijua herufi. Ila ni dhahiri kwamba anayetaka kutenganisha viwili hivi Makueni anafumua mshono wa zaidi ya miaka mia moja, na hawezi kuufumua kwa kuagiza kitabu kimoja tu.

Kuagiza, hata hivyo, ndiko kunakofanyika. Mzazi akiingia katika intaneti hukuta milango miwili. Wa kwanza ni wa mitaala ya Kikristo, na miongoni mwa inayojulikana zaidi ni Accelerated Christian Education, ulioanzishwa Texas mwaka 1970, ambao mtoto hujisomea kijitabu baada ya kijitabu na Maandiko yamefumwa hata katika masomo yasiyo ya dini. Wa pili ni wa mitaala isiyofungamana na dini: mathalani Oak Meadow ya Vermont, iliyoanza mwaka 1975, au mtaala wa msingi wa Cambridge. Hii ya pili ina sifa ambazo sitazificha. Imepangwa vizuri, humpa mzazi asiye mwalimu mwongozo wa kila wiki, na baadhi yake humruhusu mtoto atumie mikono na atembee nje badala ya kujaza nafasi zilizoachwa wazi.

Atembee nje, lakini nje ya wapi? Vitabu vya Marekani vya umri huu humtaka mtoto atazame majani yakigeuka rangi, achore mtu wa theluji, ahesabu sarafu za nchi ile. Mtoto wa Wote anaishi katika mvua mbili: za Oktoba hadi Desemba, ambazo mkulima wa Makueni huzitegemea zaidi, na za Machi hadi Mei, ambazo humhadaa mara kwa mara. Anajua pojo zinapovunwa, anajua maembe yanapojaa sokoni hata bei ikaanguka. Mtoto huyu akifunzwa majira manne huku akiishi katika mawili, hajaondolewa jambo la kuamini, ameongezewa. Theluji kwake ni ghaibu kama malaika.

Hilo la majira mzazi mwerevu aweza kulirekebisha. Zito zaidi ni kusoma kwenyewe, na hapa ndipo ninapowaomba wanachama wenzangu na walimu wetu watulie nami kidogo. Mtaala ulioagizwa hutumia sehemu kubwa ya miaka hii ya mwanzo kumfunza mtoto namna ya kuyasoma maneno ya Kiingereza, lugha ambayo tahajia yake inajulikana kwa ukaidi: herufi moja ina sauti kadhaa, sauti moja ina herufi kadhaa, na zipo herufi zinazoandikwa ili zinyamaze. Mtoto anayezungumza Kiingereza tangu utotoni huuvumilia ukaidi huo kwa sababu akishalifumbua neno hukuta analijua. Mtoto wa Wote, anayezungumza Kikamba na nyanya yake na Kiswahili na wachuuzi wa sokoni, hulifumbua kwa taabu kisha akakuta halijui. Amebeba mizigo miwili kwa safari moja.

Kiswahili kina irabu tano, na aghalabu silabi zake huishia kwa irabu. Mtoto akishajua ba, be, bi, bo, bu na ndugu zake, anasoma kweli, habahatishi. Na analolisoma amekwisha kulisikia likisemwa. Kikamba kina irabu saba, mbili kati yake zikiandikwa ĩ na ũ, na bado kanuni ni ile ile ya herufi na sauti kuaminiana. Mtoto akiandika nyũmba au kĩw'ũ ameandika nyumba anamolala na maji aliyotumwa kuchota. Jambo hili si uvumbuzi wangu. Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza lugha ya eneo itumike kufundishia katika madarasa ya chini, na iliyokuwa Taasisi ya Elimu ya Kenya ilitoa mfululizo wa Tujifunze Kusoma Kikwetu katika lugha nyingi za nchi hii, Kikamba kikiwemo. Mradi wa Tusome, ulioenea kitaifa mwaka 2015, ulipeleka vitabu vya kusoma vya Kiswahili, bega kwa bega na vya Kiingereza, katika madarasa hayo hayo. Ajabu ni kwamba mzazi anayejitoa katika mfumo wa shule ili awe huru, jambo la kwanza analolitupa ni sehemu hiyo ya mfumo iliyomfaa mtoto wake zaidi.

Itasemwa kwamba Kiswahili nacho hakikosi dini. Ni kweli. Siku zetu zenyewe zimehesabiwa kutoka Ijumaa, na hatuwezi kuahidiana kukutana kesho bila ya "Mungu akipenda" au "inshallah." Mzazi mmoja aliniuliza kama ningeweza kumpatia hadithi ambazo jina la Mungu limefutwa. Nilimwambia kwamba hizo hata nikizipata hazitakuwa na ladha ya usemi wa watu. Kuna tofauti kati ya kumfundisha mtoto dini na kumwacha asikie lugha jinsi inavyosemwa na watu wenye dini. Anayetaka fasihi isiyoegemea dhehebu tayari anayo: kitendawili hakina kanisa. "Kitendawili!" "Tega!" na "Kwata ndai!" ni mlango wa somo la kufikiri kwa mantiki, la kutazama viumbe na la kupanga maneno. Mbano za Wakamba nazo zimejaa hila za sungura ambaye hakuna dhehebu lingekubali kumpa ushemasi.

Mzazi afanye nini basi? Ushauri wangu, kwa wenye nia hiyo, ni waanze na miundo ya Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa kitaifa mwaka 2019, ambayo Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya imeiweka wazi kwa umma. Baada ya marekebisho ya mwaka 2024, Gredi ya 1 hadi ya 3 zina maeneo saba ya kujifunza: lugha ya kiasili, Kiswahili au lugha ya ishara, Kiingereza, hisabati, mazingira, sanaa bunifu na dini. Sita kati ya saba hizo ni elimu dunia. Eneo la saba lina njia tatu, ya Kikristo, ya Kiislamu na ya Kihindu, na hakuna njia ya nne kwa asiyetaka yoyote. Hapo mzazi ajaze pengo mwenyewe, na mimi ningelijaza kwa kumfundisha mtoto kuhusu dini za majirani zake, maana hawezi kuielewa Wote bila ya kujua kwa nini duka hili hufungwa Ijumaa mchana na lile Jumamosi. Kwa mazingira, apelekwe kwenye bwawa la mchanga. Ukuta hujengwa kukatiza mto wa msimu, mchanga ukajaa nyuma yake, na maji yakajificha ndani ya mchanga ambamo jua haliyafikii kwa urahisi. Mtoto wa miaka minane akichimba kidogo na kuyaona yakichuruzika, atauliza maswali ya juma zima.

Jambo la sheria silipiti kimya, kwani lina hatari. Kifungu cha 30 cha Sheria ya Elimu ya Msingi kinamtaka mzazi ahakikishe mtoto anahudhuria shule, na anayekiuka anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000 au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Mwaka 2019 mzazi mmoja wa Kaunti ya Kakamega alikamatwa kwa kuwafundisha wanawe nyumbani. Tena mtihani wa Gredi ya 6 husajiliwa kupitia shule, hivyo mzazi asiyejipatanisha mapema na shule fulani atamkwamisha mtoto mlangoni. Anayeshika muundo wa kitaifa walau anaweza kumrudisha mtoto darasani bila ya kumfanya aanze upya. Mwenye vijitabu vya ng'ambo hana nafuu hiyo.

Lakini nikishatoa ushauri huu, huulizwa swali la mwisho, nalo ndilo linaloniuma: vitabu viko wapi? Vya Kiswahili vya kumfunza mtoto silabi vipo. Vya kumfurahisha baada ya silabi ni vichache, na vya Kikamba ni adimu mno. Maktaba za idara zetu zimejaa tasnifu kuhusu riwaya za Kezilahabi na za Said Ahmed Mohamed, na ni haki yao. Lakini ni nani kati yetu amekwenda likizo ya Agosti akarudi na vitendawili 50 vya Makueni au Kitui vilivyoandikwa vizuri na kufasiriwa? Ningeomba chama chetu kitenge kurasa katika kila toleo kwa kazi hiyo, walimu wetu wakiihakiki kama wanavyohakiki makala.

Kwa kuanzia, vijitabu vya kurasa 16 vinatosha, sentensi moja au mbili kwa kila ukurasa, Kiswahili upande mmoja na Kikamba upande wa pili: kimoja kuhusu bwawa la mchanga, kimoja kuhusu embe kutoka mtini hadi sokoni, kimoja cha ndai tupu. Na herufi ĩ na ũ ziandikwe na alama zake, zisiachwe uchi eti kwa sababu kompyuta ya mpiga chapa haikuziona.