Wageni Huondoka, Karatasi Zao Hubaki

Msomaji wetu wa Unguja au Pemba huenda akajiuliza Kasulu na Kibondo zinamhusu nini. Ni nyanda za juu za Kigoma, nchi ya Waha, na kuifikia ni lazima uvuke bahari kisha uikate bara yote hadi ukingo wake wa magharibi. Hata hivyo, vita iliyoizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus mbele ya mji wa Zanzibar, tarehe 20 Septemba 1914, ndiyo hiyo hiyo iliyoitia Buha mikononi mwa dola mbili zilizokuwa zikigombania urithi wa dola ya tatu. Na mwaka 1916 Askofu Frank Weston wa Zanzibar alikiongoza kikosi cha wapagazi wa Visiwani kwenda kuibeba mizigo ya vita hiyo huko bara. Kwa hiyo habari hii si ya jirani. Ni yetu sote.

Methali yasema kuwa wapiganapo tembo nyasi huumia. Yaliyotokea Buha yanatufundisha zaidi ya hapo: nyasi huumia hata pale tembo wanapokuwa upande mmoja. Waingereza na Wabelgiji walikuwa marafiki, wakipigana na adui mmoja, Mjerumani. Lakini kila mmoja alikuwa na jicho moja kwa adui na jicho jingine kwa rafiki yake.

Mwishoni mwa Julai 1916 majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo, chini ya Jenerali Tombeur, yaliiteka Kigoma, mahali ambapo Reli ya Kati ilikuwa imefika miaka miwili tu kabla ya hapo. Wakati huo huo jeshi la Waingereza chini ya Jenerali Crewe lilikuwa likishuka kutoka Mwanza. Wote waliikimbilia Tabora, kwani aliyeishika Tabora aliishika reli. Wabelgiji walitangulia, wakaingia mjini tarehe 19 Septemba 1916, na Waingereza wakafika siku chache baadaye kuikuta bendera ya rafiki yao ikipepea. Mwaka uliofuata Wabelgiji waliwaachia Waingereza Tabora, lakini Ruanda, Urundi, Ujiji, Kigoma na Buha hawakuziachia.

Lililo chungu ni kwamba Ubelgiji yenyewe, huko Ulaya, ilikuwa tangu 1914 imekaliwa na majeshi ya Kijerumani, na Serikali yake imehamia Ufaransa. Taifa lililokuwa likiulilia ulimwengu kwa kukaliwa kwa nguvu lilikuwa lenyewe likiikalia nchi ya watu. Wala halikuitaka Buha kwa ajili ya Waha. Liliishika kama rehani, likitumaini kwamba siku ya kugawana Wareno wangelipwa mahali pengine, nao Wabelgiji wapewe ukingo wa kusini wa mlango wa Mto Kongo. Waingereza nao walikuwa na ndoto yao ya njia ya reli kutoka Rasi ya Tumaini Jema hadi Misri, ipite katika ardhi yao tupu.

Ushindani huo ulionekana hata katika stempu za posta. Wabelgiji walizipiga stempu zao za Kongo chapa ya kutangaza kwamba hii ni Afrika Mashariki ya Kijerumani iliyokaliwa na Ubelgiji. Waingereza nao walipiga chapa yao juu ya stempu za Afrika Mashariki na Uganda. Nchi moja, chapa mbili, na mwenye nchi hakuulizwa. Mkulima wa Heru au wa Muhambwe hakuwa na barua ya kupeleka popote. Sehemu yake katika vita hiyo ilikuwa kutoa chakula, na kutoa mabega ya kubebea mizigo. Wapagazi waliotumiwa na Wabelgiji katika vita hiyo wanakadiriwa kuwa zaidi ya laki mbili, na wale wa Waingereza kupita milioni moja. Jina la Kariakoo linatukumbusha hao kila siku, ingawa wengi wetu tunalitamka bila kukumbuka.

Tarehe 30 Mei 1919 mabwana wawili, Milner wa Uingereza na Orts wa Ubelgiji, walitia sahihi mapatano. Wabelgiji wapewe Ruanda na Urundi, Waingereza wachukue vilivyosalia, pamoja na Kigoma, Kasulu na Kibondo. Hata Gisaka, iliyokuwa sehemu ya Ruanda, ilikatwa ikapewa Waingereza kwa ajili ya ile reli yao ya ndotoni, kisha ikarudishwa baada ya Mwami Musinga na wamisionari kulalamika. Bugufi, iliyokuwa ya Urundi, ikabaki Tanganyika. Machi 1921 Wabelgiji waliondoka Kigoma. Lakini hawakuondoka mikono mitupu. Kwa mkataba wa tarehe 15 Machi 1921 walipewa na Waingereza maeneo ya bandari katika Kigoma na Dar es Salaam, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka, na bila ya ukomo.

Hapa pana mafunzo mawili ambayo tunapenda kuyaweka mbele ya wenye mamlaka.

La kwanza ni la mikataba. Mwingereza alikuwa mdhamini tu wa Tanganyika, tena kwa muda. Alipata wapi haki ya kutoa cha milele hali yeye mwenyewe alikuwa mpitaji? Ndivyo alivyohoji Mwalimu Julius Nyerere mwaka 1961, kabla ya Uhuru, Serikali yake ilipowaarifu wahusika kwamba Tanganyika huru haitafungwa na ahadi hiyo. Hoja ile haikuwa ya Wabelgiji peke yao. Kila mtumishi wa umma atiaye sahihi juu ya bandari, ardhi, kisiwa au ufukwe ni mdhamini wa muda. Ajiulize kama anatoa kilicho chake, au anatoa cha wajukuu wa watu wengine. Watu wa Visiwani, ambao mwaka 1890 waliwekwa chini ya Uingereza kwa mapatano yaliyohusu pia kisiwa cha Heligoland, kule Bahari ya Kaskazini, hawahitaji kufafanuliwa jambo hili.

La pili ni la mpaka, na ndilo linalowagusa leo watu wa Kasulu na Kibondo. Mstari uliowatenga Waha na Warundi, ambao kwa sehemu unafuata Mto Malagarasi, ulithibitishwa na Waingereza na Wabelgiji mwaka 1924. Lugha za pande mbili zinasikilizana, majina yanafanana, na ndoa zilikuwa zikivuka kabla ya mstari kuwapo. Kwa muda mrefu wananchi wa mkoa huo wamelalamika kwamba uraia wao hutiliwa shaka kwa sababu ya lafudhi au jina, na kwamba hutakiwa kuthibitisha jambo ambalo Mtanzania wa mahali pengine haulizwi.

Tunakiri kwamba Serikali ina wajibu wa kuulinda mpaka. Mkoa wa Kigoma umepokea wakimbizi wa Burundi mwaka 1972, tena 1993, tena 2015, na wakimbizi wa Kongo waliofunguliwa kambi ya Nyarugusu, Kasulu, mwaka 1996. Pamoja na wanyonge huweza kuingia wenye silaha, na ofisa anayeuliza maswali hafanyi kosa. Kosa ni kuifanya lafudhi kuwa hati ya mashitaka. Lafudhi haithibitishi uraia wala haiufuti. Wazee wa kijiji, kumbukumbu za shule, za zahanati na za kodi ndizo zinazothibitisha. Ofisa asiyefuata hizo, akafuata sikio lake, anaikamilisha kazi ambayo Milner na Orts waliianza.

Kwa hiyo tunashauri kwamba kila mtumishi anayepelekwa katika wilaya za mpakani, awe ametoka Tanga au Wete, afundishwe kwanza historia ya mahali anapokwenda, na hasa miaka ile mitano ya 1916 hadi 1921. Tunashauri pia kwamba kumbukumbu za wapagazi wa bara na Visiwani zikusanywe na kuhifadhiwa, kwa kuwa wale walioishuhudia vita hiyo wamekwisha kufa, na wajukuu wao nao wanazeeka.

Bendera ya Mjerumani ilishushwa, ya Mbelgiji ikashushwa, ya Mwingereza ikashushwa. Iliyobaki ni yetu. Haitupasi basi, chini ya bendera yetu wenyewe, kumpima ndugu yetu wa Kibondo kwa rula iliyoachwa mezani na wageni.