Sifa Zako kwa Kiingereza: Chagua Neno kwa Uangalifu

Mwezi huu tuzungumzie jambo linalowababaisha wengi wanaotafuta kazi, nalo ni kueleza tabia zao kwa Kiingereza. Hapa Unguja kazi nyingi za mapokezi, za jikoni na za kutunza vyumba ziko katika hoteli, kuanzia Mji Mkongwe hadi Nungwi na Paje. Wageni hutoka nchi nyingi, na mara nyingi lugha ya kuwasiliana nao ni Kiingereza. Ndiyo maana katika usaili mwombaji huulizwa kwa lugha hiyo: wewe ni mtu wa namna gani? Mama aliyelea watoto na kuendesha biashara ndogo kwa miaka mingi hunyamaza. Sifa anazo, lakini maneno hana, au anayo yale yatakayomharibia.

Tuanze na haya. Kwetu mwanamke mwenye haya anasifiwa. Lakini akisema yeye ni "shy", meneja atasikia kwamba anaogopa watu na hataweza kumkaribisha mgeni. Mtu asiyejigamba ni "modest". Mwenye adabu kwa watu ni "polite". Na kama upole wako ni ule wa kutopandwa na hasira mgeni anapofoka, sema wewe ni "calm". Neno hilo wenye hoteli hulipenda.

Neno la pili ni "simple". Wengi hulitumia wakitaka kusema kwamba hawana makuu. Lakini likisemwa juu ya mtu, laweza kueleweka kuwa ana akili fupi. Afadhali useme "easy to work with", yaani mtu ambaye wenzake hawapati tabu kufanya kazi naye.

Jihadhari pia na ujanja. Sisi huweza kumwita mtoto mjanja kwa kumsifu, lakini "cunning" ni mtu wa hila. Mwerevu ni "clever", na anayeshika mambo upesi ni "quick to learn". Kwa upande mwingine, usiogope tangazo linalotaka mtu "ambitious". Halimtafuti mwenye tamaa ya mali. Linamtaka mwenye nia ya kujiendeleza, ambaye leo anatandika vitanda na kesho angependa kuwa msimamizi.

Sasa tuje kwenye uaminifu, maana hapa ndipo penye uzito. Kiswahili kina neno moja pana: mwaminifu. Kiingereza hukata neno hilo vipande. "Honest" ni asiyesema uongo wala kuiba. "Loyal" ni asiyemgeuka mwajiri wake. "Reliable" ni yule ambaye akipewa kazi, unajua itafanyika. "Punctual" ni anayefika kwa saa iliyopangwa.

Mama anayeingia chumbani na kukuta saa na fedha za mgeni mezani, kisha akaviacha palepale, ni "honest" bila shaka. Lakini kama siku mbili katika wiki anachelewa kwa sababu mtoto hana wa kubaki naye, mwajiri hatamwita "reliable". Si haki kumwona mama huyo mwovu, wala si haki kwake kuandika neno ambalo maisha yake ya sasa hayawezi kulibeba. Kwa hiyo kabla ya kuandika "punctual" katika barua ya maombi, kaa na mumeo au jamaa zako mpange: nani atakaa na mtoto, na utapanda daladala ya saa ngapi? Neno likishaandikwa, utapimwa kwalo.

Kazi hii ya kulinganisha maneno ya lugha hizi mbili si ngeni kisiwani kwetu. A. C. Madan, mmisionari wa Kianglikana aliyefanya kazi Unguja, alitoa kamusi ya Kiingereza na Kiswahili mwaka 1894. Baadaye, mwaka 1996, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa Kamusi ya Kiingereza-Kiswahili. Ukiipata kamusi, usichukue maana ya kwanza ukaifunga. Soma maana zote pamoja na mifano, ndipo uchague.

Mwisho, usiitaje sifa peke yake bila ushahidi. Ukisema wewe ni "organised", eleza kwamba umetunza daftari la kikundi cha kuweka na kukopa na hesabu zikatimia. Ukisema wewe ni "patient", eleza ulivyomuuguza mzazi. Kazi za nyumbani na za mtaani ni ushahidi halali, usizionee aibu. Chagua maneno matatu tu ambayo ni kweli juu yako, kila moja na mfano wake, kisha umwombe binti yako aliye sekondari akuulize maswali jioni mnapoosha vyombo. Yeye naye atajifunza.

Wahenga walisema chema chajiuza. Lakini mbele ya msaili asiyekujua, hata chema hakina budi kutajwa, na kutajwa kwa jina lake sahihi.