Safari za ndugu nazo ziandikwe

Ndugu Mhariri,

Ukurasa wenu wa safari umejaa fungate na watalii. Sisi ndugu wa tumbo moja tuliotawanywa na kazi mmetusahau.

Mdogo wangu nilimwacha shule ya msingi. Leo ana ndevu na leseni. Tulipokwenda Mbeya kwa gari kutoka Dar es Salaam, usukani ulikuwa wake. Mikumi, barabara kuu inapokata hifadhi na ukigonga mnyama unatozwa faini, alipunguza mwendo bila kuambiwa. “Dada, funga mkanda,” akaniamuru. Mimi, niliyekuwa nikimfunga kamba za viatu!

Ruaha Mbuyuni tulinunua vitunguu vya mama, tukabishana bei hadi muuzaji akacheka. Kisha mlima wa Kitonga: kona kali, malori yanajikongoja mbele, huwezi kulipita hata moja. Hapo ndipo aliponieleza kwa nini aliacha chuo. Kwenye simu asingethubutu. Kwa ndege tungetua uwanja wa Songwe, Mbeya, kwa muda usiofika saa mbili, tungali tunaulizana habari za kazi.

Andikeni na safari hizi, hata za basi, pamoja na makadirio ya mafuta na mahali pazuri pa kula.

Msomaji wenu,
Temeke, Dar es Salaam