Tetesi za kumezana: Kasekese iulize spea, siyo nembo

Kila kampuni mbili kubwa za magari zinapoketi meza moja, iwe Tokyo, Dubai au Nairobi, tetesi huwafikia wanunuzi wa malori mkoani Katavi kabla ya taarifa rasmi. Muuzaji wa chapa moja humwambia mteja kwamba chapa ya mshindani wake "imeuzwa" na kwamba baada ya mwaka mmoja spea zake zitatafutwa kwa tochi. Mteja aliyekwisha kuuza ufuta wake na kuweka fedha benki huanza kusita. Mara nyingine hubadili uamuzi wa mamilioni ya shilingi kwa neno la mtu asiye na karatasi yoyote mkononi.

Safu hii inasema swali linaulizwa vibaya. Mnunuzi wa Kasekese, Wilaya ya Tanganyika, hana sababu kubwa ya kukosa usingizi kwa ajili ya nani anamiliki hisa za kampuni. Anayo sababu ya kuuliza nani ataleta spea, kwa miaka mingapi, na kwa mkataba upi. Biashara ya magari ya Afrika Mashariki imeonyesha kwamba hayo ni mambo mawili tofauti, na kwamba anayeyachanganya ndiye anayelipa.

FUSO ILIUZWA, MPANDA HAIKUTIKISIKA

Tuanze na lori linalojulikana kuliko yote. Huku kwetu lori la ukubwa wa kati huitwa Fuso, hata kama mbele limeandikwa jina lingine. Wengi wanaamini hadi leo kwamba ni mali ya Mitsubishi Motors. Ukweli ni kwamba Mitsubishi Motors iliitenga biashara ya malori na mabasi kuwa kampuni inayojitegemea mwaka 2003, na kufikia 2005 Wajerumani wa DaimlerChrysler walikuwa wanamiliki asilimia 85 ya hisa zake.

Hayo yalikuwa mabadiliko makubwa ya umiliki. Hata hivyo, mwenye Fuso wa Mpanda hakuyahisi. Malori ya mtumba yaliendelea kuja kutoka Japani. Spea ziliendelea kuingia, za kiwandani na za kuiga. Fundi aliyeijua injini jana aliijua leo. Umiliki ulihama bara zima na gunia la mahindi likafika sokoni kwa lori lile lile.

Sasa jina la Fuso limerudi midomoni. Mei 2023 Daimler Truck na Toyota zilitangaza nia ya kuiunganisha Mitsubishi Fuso na Hino, ambayo ni kampuni ya malori ya Toyota. Mazungumzo yalichelewa kwa sababu Hino ilikuwa imekiri mwaka 2022 kwamba ilighushi takwimu za moshi na matumizi ya mafuta ya injini zake. Makubaliano ya mwisho yalitiwa saini Juni 2025, na kampuni mama iliyopewa jina la ARCHION ikapangiwa kuanza kazi Aprili 2026.

Hapa zipo pande mbili. Kampuni hizo zimesema zitashirikiana katika usanifu, ununuzi na uzalishaji. Iwapo Fuso na Hino zitakuja kutumia vifaa vinavyofanana, mwenye duka la spea Mpanda ataweza kuweka bidhaa moja kwa wateja wa chapa mbili, jambo ambalo ni faida. Lakini washindani wawili wakiwa chini ya paa moja, msukumo wa kupunguziana bei hupungua. Anayetangaza kwamba muungano huo ni msiba, na anayetangaza kwamba ni neema, wote wanauza kitu.

CMC: PALE TETESI ZILIPOKUWA NA MZIGO

Hata hivyo si kila tetesi ni ya kupuuzwa. Kisa cha CMC Holdings ya Kenya kinafaa kusomwa na kila mnunuzi.

Kampuni hiyo, ambayo zamani iliitwa Cooper Motor Corporation, ilikuwa wakala wa chapa nyingi, zikiwamo Land Rover, Ford, Mazda, Suzuki, Volkswagen na matrekta ya New Holland. Mwaka 2011 wakurugenzi wake waligombana hadharani, na mauzo ya hisa zake katika Soko la Hisa la Nairobi yakasimamishwa. Kabla vumbi halijatulia, Jaguar Land Rover ilihamishia uwakala wake kwa RMA. Mwaka 2013 kundi la Al-Futtaim la Dubai lilitoa ofa ya sh. 13 za Kenya kwa kila hisa, ambayo kwa ujumla ilikuwa takriban sh. bilioni 7.5 za Kenya. Ununuzi ulikamilika mwaka 2014.

Wakati huo wengi walishangilia. Mwenye fedha amekuja, walisema, na duka litanawiri. Miaka 11 baadaye, Januari 2025, CMC Motors ilitangaza kwamba inaanza kufunga shughuli zake Kenya, Uganda na Tanzania.

Tafakari, msomaji, hali ya mkulima aliyenunua trekta kwa wakala huyo. Trekta lenyewe halikuwa na kasoro. Kiwanda kilicholiunda hakikufilisika. Mmiliki mpya hakuwa maskini. Kilichokatika ni kiungo cha katikati, yaani wakala anayeagiza spea, anayetunza mafundi na anayeheshimu dhamana. Katika hesabu za kampuni jina zuri lina thamani yake na huandikwa kwenye mizania. Lakini jina zuri halifungi boliti shambani.

MSHINDANI ANAPOMILIKI DUKA LAKO

Kuna aina nyingine ya kumezana ambayo wanunuzi huiona kwa kuchelewa. Mwaka 2012 Toyota Tsusho, kampuni ya biashara ya kundi la Toyota, ilinunua sehemu kubwa ya hisa za CFAO ya Ufaransa. CFAO ilikuwa inamiliki DT Dobie ya Kenya, na DT Dobie ilikuwa inauza magari ya Nissan.

Kwa maneno mengine, kundi la Toyota lilijikuta likimiliki duka linalouza gari la mshindani wake mkubwa. Hakuna mwenye akili ya biashara ambaye angetegemea hali hiyo idumu. Baadaye uwakala wa Nissan nchini Kenya ulikwenda kwa Crown Motors. Mwenye pikapu ya Nissan hakuulizwa. Aliambiwa tu kwamba mlango wa kuingilia umebadilika.

Linganisha na yaliyotokea mwaka 2017, General Motors ilipoiuzia Isuzu hisa zake za asilimia 57.7 katika General Motors East Africa. Kiwanda cha Nairobi hakikufungwa. Kilibadili jina kuwa Isuzu East Africa. Malori ya Isuzu, ambayo ndiyo yaliyokuwa uti wa mgongo wa mauzo yake, yaliendelea kuunganishwa. Mwenye lori la Isuzu alipata mmiliki ambaye biashara yake ni lori hilo hilo. Aliyepoteza ni mpenzi wa Chevrolet, chapa ambayo iliondolewa sokoni. Mauzo yalikuwa ya aina moja, lakini wateja wawili walipata hatima mbili.

WAAUSTRALIA WALIPATA AHADI

Kwa nje, mfano ulio bora ni wa Australia. Huko ushindani wa Holden na Ford ulikuwa kama wa Simba na Yanga. Familia zilirithishana chapa. Holden ilikuwa mali ya General Motors tangu 1931, lakini wenyeji waliiona ni yao. Ford ilifunga viwanda vyake vya magari Oktoba 2016. Toyota na Holden zikafuata Oktoba 2017. Februari 2020 General Motors ikatangaza kwamba jina lenyewe la Holden linastaafishwa.

Kwa mashabiki ulikuwa msiba. Lakini tuangalie karatasi. Katika tangazo hilo General Motors iliahidi kwamba huduma na spea za Holden zitaendelea kupatikana kwa miaka isiyopungua 10. Mwenye gari aliipoteza nembo, lakini hakuachwa na chuma chakavu. Alikuwa na muda wa kulitumia gari lake, kuliuza kwa bei inayoeleweka, na kupanga la kufuata.

Hapo ndipo hoja yetu inapokaa. Kampuni inayoondoka kabisa katika nchi iliweza kuahidi miaka 10. Kwa nini kampuni inayoingia kwetu, kwa kununua uwakala, isiweze kuahidi hata nusu yake?

HESABU YA KASEKESE

Kwa mkazi wa jiji, jambo hili linaweza kuonekana dogo. Gari likiharibika Dar es Salaam, Kariakoo ipo. Kutoka Katavi hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000. Barabara ya lami ya Tabora imeleta unafuu mkubwa, lakini lami haileti spea ambayo hakuna aliyeiagiza.

Tuchukue hesabu ya mfano tu. Lori linaloingiza sh. 400,000 kwa siku wakati wa mavuno linaharibika na kuhitaji spea ya sh. 600,000. Spea ikipatikana Mpanda siku hiyo hiyo, hasara ni spea na siku moja. Ikisubiriwa siku 10, mapato yaliyopotea ni sh. milioni 4, zaidi ya mara sita ya bei ya spea yenyewe. Juu yake kuna marejesho ya mkopo, ambayo hayasubiri, na kuna mpunga wa watu uliokaa shambani. Mkulima anayekosa lori kwa wakati humuuzia mlanguzi wa kwanza atakayetokea, kwa bei ya mlanguzi.

Kwa sababu hiyo, mnunuzi anapoletewa tetesi, asibishane kuhusu nembo. Aulize maswali matatu.

Kwanza, spea zinazochakaa haraka, kama klachi, breki, bering'i na chujio, zinauzwa na maduka mangapi Mpanda, Tabora na Sumbawanga? Kama zote zinatoka kwa wakala mmoja, basi anayenunua lori anajifunga kwa wakala huyo.

Pili, injini na giaboksi zake zinatumika katika malori mengine yaliyopo mkoani? Lori lenye ndugu wengi halifi upesi, hata mmiliki wa kampuni akibadilika mara tatu.

Tatu, kwa gari jipya, dhamana imeandikwa kwa jina la nani? Kama ni ya wakala peke yake, ikumbukwe CMC. Kama kiwanda nacho kimetia mkono, mnunuzi ana pa kwenda wakala akifunga milango.

Maswali hayo yanazihusu chapa zote bila upendeleo. Malori ya Kichina kama Howo na FAW nayo huandamwa na tetesi kwamba "Mchina ataondoka". Jibu lipo kwenye rafu za maduka ya spea na katika mikataba, halipo vijiweni.

KAZI YA TUME

Serikali nayo ina nafasi yake. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 iliunda Tume ya Ushindani, FCC, na miunganiko mikubwa ya makampuni hupelekwa mbele yake. Kawaida swali linalotawala ni kama muungano utaua ushindani. Ni swali la haki. Lakini kwa magari, malori na matrekta, lipo la pili lenye uzito sawa: nani atawahudumia waliokwisha kununua?

Maoni ya safu hii ni kwamba kila anayenunua kampuni ya uwakala wa magari nchini atakiwe kutoa ahadi ya maandishi ya kuleta spea na kuheshimu dhamana zilizopo kwa kipindi kisichopungua miaka mitano, na kwamba wakala anayefunga atoe taarifa mapema na kumtaja atakayepokea wateja wake.

Watakuwapo watakaosema kwamba masharti kama hayo yatawakimbiza wawekezaji. Mwekezaji anayekimbia kwa kuombwa kuhudumia bidhaa anayoiuza hakuwa na mpango wa kukaa. Wengine watasema kwamba malori mengi ya huku ni ya mtumba, hivyo hayana dhamana ya mtu yeyote. Ni kweli, lakini bei ya mtumba hufuata upatikanaji wa spea. Wakala mwenye ghala lililojaa humsaidia hata yule ambaye hakununua kwake, kwa sababu kuwapo kwake kunapunguza uhaba na kumzuia mlanguzi wa spea kupanga bei atakavyo.

Tetesi hazitakwisha. Desemba 2024 Honda na Nissan zilitangaza mazungumzo ya kuungana, dunia ikasimama kusikiliza, na Februari 2025 zikatangaza kwamba zimeachana. Aliyeahirisha kununua gari kwa ajili ya habari hiyo alipoteza miezi miwili bure. Aliyetumia miezi hiyo kuhesabu maduka ya spea yaliyo karibu naye alipata jibu ambalo Tokyo isingeweza kumpa.