Kozi za afya: Mbona dalali ndiye mshauri wa vijana wa Pwani?

Mwishoni mwa Julai 2024 Wizara ya Afya ilipotangaza kisa cha kwanza cha mpox nchini, kisa hicho hakikupatikana Nairobi wala katika hospitali kubwa ya rufaa. Kilinaswa hapa kwetu, katika kituo cha mpakani Taveta, kwa msafiri aliyekuwa akitoka Uganda kwenda Rwanda kupitia kusini mwa Kenya. Kuchunguza afya za wasafiri mipakani na bandarini ni sehemu ya kazi ya watu ambao wazee wetu bado huwaita bwana afya. (Siku hizi wamo pia wanawake, lakini jina limeganda.)

Ndio hao hao wanaokagua nyama buchani na jikoni mwa hoteli, wanaopima maji ya kisima kipindupindu kinapobisha hodi, na ambao Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, inawapa nguvu za kumpeleka mahakamani mwenye nyumba aliyeelekeza choo chake kwenye mtaro. Lakini muulize mtoto aliyemaliza kidato cha nne Kisauni au Ganze anazijua kazi zipi za afya. Atakutajia daktari na nesi, kisha atanyamaza. Afisa wa afya ya umma, mtunza rekodi za hospitali, fundi wa maabara, mtaalamu wa lishe: hizo ni kazi asizowahi kuelezwa na mtu.

Si kwamba vyuo havipo. KMTC ina matawi Mombasa, Port Reitz, Kilifi, Msambweni, Voi na Lamu. Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi, na Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kiko Tudor. Taarifa nazo zipo, ila zimetawanyika katika afisi tano tofauti, kwa Kiingereza cha kiserikali ambacho mzazi wa Faza au Lunga Lunga hana haja ya kujifunza uzeeni. Hapo ndipo dalali anapopata riziki yake.

Dalali wa kawaida tunamjua. Anatuma ujumbe wa simu kwamba zimebaki nafasi mbili za uuguzi, anataka pesa kwa M-Pesa kwenye nambari ya mtu binafsi, kisha analeta barua ya kujiunga yenye muhuri. KMTC imeonya mara nyingi kuhusu watu hawa. Maombi ya KMTC siku hizi hupitia KUCCPS, na hakuna mjomba wala shangazi wa mtu anayeuza nafasi pembeni. Diploma ya uuguzi inataka wastani wa C, na kuna alama zake katika Baiolojia, lugha na masomo mengine ya sayansi. Anayeahidi kumpitisha mtoto mwenye D+ anauza hewa.

Mimi namwogopa zaidi yule wa pili, kwa sababu yeye hasemi uongo mwingi. Chuo chake kipo kweli, kina jengo, walimu, na sare nyeupe za kupendeza. Kasoro ni moja tu: kozi haijaidhinishwa na baraza linalosimamia taaluma hiyo. Mzazi anauza kipande cha shamba la minazi, mtoto anasoma hadi mwisho na kupewa cheti, ndipo anaambiwa hawezi kusajiliwa wala kupewa leseni. Hakuna hospitali itakayompokea, na shamba limeshakwenda.

Kwa hivyo swali la kwanza la mzazi lisiwe karo ni ngapi. Liwe: ni baraza lipi linaitambua kozi hii? Wauguzi wana Baraza la Wauguzi, maafisa wa kliniki wana lao, na maafisa na mafundi wa afya ya umma wana baraza lililotokana na sheria ya 2013. Kuwauliza hao kabla ya kulipa ni nafuu kuliko kwenda kulia kwa chifu baadaye. Jambo hili linawahusu hata wenye ndoto za Ghuba. Mamlaka za afya za Dubai na Saudia huhakiki cheti kwa chuo kilichokitoa, na leseni kwa baraza lililoitoa. Na kozi ya miezi michache ya kuhudumia wazee si uuguzi, hata kama wakala ameiita hivyo.

Kuna na mkanganyiko wa wahamasishaji wa afya ya jamii, wale waliokabidhiwa mikoba na simu Septemba 2023. Baadhi ya familia hudhani ule ni mlango wa ajira. Ni watu wa kujitolea wanaochaguliwa na jamii zao na kupewa posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka kaunti na nusu kutoka serikali kuu. Kazi yao ni kubwa, lakini haimpi mtu leseni.

Tuwe wakweli pia kuhusu mwisho wa safari. Mgomo wa madaktari wa 2024 ulidumu siku 56, na moyo wake ulikuwa ni wahitimu walio katika mafunzo ya kazini na malipo yao. Wahudumu walioajiriwa kwa kandarasi 2020 chini ya mpango wa afya kwa wote wamehangaika miaka mingi wakidai ajira ya kudumu. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake, wahudumu wa miradi ya Ukimwi walijikuta nyumbani bila notisi. Mzazi anayeuza ng'ombe ana haki ya kuyasikia haya kabla hajauza.

Hapa lawama naiweka kwa kaunti zetu sita. Tangu 2013 afya iko mikononi mwao, na bodi zao za utumishi ndizo zinazoajiri. Zinajua zina maafisa wangapi wa afya ya umma, wangapi wanakaribia kustaafu, na wadi zipi hazina hata mmoja. Taarifa hiyo ikitangazwa kila mwaka matokeo ya KCSE yanapotoka, kijana atachagua kozi akijua soko lilivyo. Badala yake tunaletewa orodha ya waliopata basari na picha za hundi kubwa za karatasi ngumu. Fomu ya basari nayo iongezwe mstari mmoja, wa jina la baraza lililoidhinisha kozi, na karani alihakikishe kabla pesa ya umma haijaingia chuo kisichotambulika.

Kazi yenyewe ni kurasa mbili za Kiswahili: kozi, alama, baraza, matawi ya karibu, karo, na idadi ya nafasi zilizopo kaunti. Zibandikwe afisi ya chifu, zisomwe redioni, na zitangazwe msikitini baada ya Ijumaa na kanisani Jumapili. Gharama yake haifiki hata ya hema na viti vya hafla moja ya kugawa hundi.