UCHAMBUZI: Mkutubi wa watoto asahaulika katika safari ya dijitali Gusii

KATIKA Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, maktaba zimewekwa katika orodha moja na kamari, leseni za pombe, sinema na maonyesho ya video. Yote hayo ni majukumu ya serikali za kaunti. Aya chache baadaye, Katiba hiyo hiyo inazikabidhi kaunti elimu ya chekechea. Hii ina maana kwamba serikali za Kisii na Nyamira zina mamlaka juu ya darasa ambamo mtoto huanza kutambua herufi, na vilevile juu ya maktaba ambako angepaswa kuzitumia herufi hizo kujiburudisha na kujifunza.

Ni nadra majukumu hayo mawili kuzungumziwa kwa pamoja. Katika pengo hilo amesahaulika mtu mmoja: mkutubi anayehudumia watoto.

Safari ya dijitali katika elimu ya Kenya inajulikana. Mwaka wa 2013 wanafunzi wa Darasa la Kwanza waliahidiwa vipakatalishi. Utekelezaji ulipoanza 2016, ahadi hiyo iligeuka kuwa tabuleti, na hatimaye zaidi ya vifaa milioni moja vikasambazwa katika shule za msingi za umma. Walimu wakapelekwa mafunzo. Maktaba za umma hazikuwamo katika mpango huo. Kisha mtaala wa umilisi (CBC) ulipoanza kutekelezwa kote nchini mwaka wa 2019, ujuzi wa dijitali uliorodheshwa miongoni mwa umilisi saba ambao kila mtoto anatarajiwa kuupata.

Matokeo yake yanaonekana jioni, baada ya masomo. Mwanafunzi wa Keroka, Suneka au Ekerenyo anarejea nyumbani na kazi inayomtaka atafute habari mtandaoni. Mzigo huo huiangukia simu ya mzazi, ikiwa ni ya kisasa na ina bando, au saiba ya sokoni. Huko saiba, mhudumu mwenye foleni mbele yake huchapisha kitu cha kwanza kilichojitokeza, hutoza ada kwa kila ukurasa, kisha humwita mteja anayefuata. Si kosa lake. Hiyo ndiyo biashara yake. Lakini mtoto ameondoka na karatasi asiyoielewa, na hajajifunza kutafuta chochote.

Mkutubi aliyefunzwa angefanya kazi tofauti. Angemuuliza mtoto anachotaka kujua kabla hajagusa kibodi. Angemwonyesha namna ya kutofautisha ukurasa wa taasisi inayoaminika na tangazo lililojivika sura ya elimu, na kumchagulia maandishi yanayolingana na umri wake. Kwa wale wadogo zaidi, angefungua hadithi yenye picha, aisome kwa sauti, na kuwaacha watoto wakisie kitakachotokea kabla ya ukurasa kufunguliwa. Huo ni ustadi wa kufunzwa, na hauji na kifaa ndani ya katoni.

Ushahidi kwamba kifaa pekee hakitoshi unapatikana karibu, katika kaunti jirani ya Kisumu. Mwaka wa 2013, chini ya mradi wa usomaji wa PRIMR, watafiti walilinganisha njia tatu: kuwapa tabuleti washauri wanaozuru shule kuwasaidia walimu, kuwapa walimu wenyewe, au kuwapa wanafunzi vifaa vya kusomea vitabu vya kielektroniki. Matokeo yaliyochapishwa 2016 yalionyesha kuwa watoto katika makundi yote matatu walisoma vyema kuliko wale waliokuwa nje ya mradi. Hata hivyo, kumpa kila mtoto kifaa hakukuleta faida kubwa kuliko kumpa mshauri mmoja anayehudumia shule nyingi, ilhali gharama zilitofautiana mno. Anayepanga bajeti Kisii au Nyamira ana sababu ya kuyasoma matokeo hayo kabla ya kutangaza zabuni ya tarakilishi.

Maktaba zenyewe pia zina la kusimulia. Huduma ya Taifa ya Maktaba (KNLS), iliyoundwa kwa sheria ya Bunge mwaka wa 1965 na ambayo ina maktaba mjini Kisii, imewahi kujaribu. Maktaba yake ya Kibera, Nairobi, ilianza kutumia tabuleti na watoto mwaka wa 2012. Miaka miwili baadaye, shirika la Worldreader lilipeleka vifaa vya kusomea katika maktaba 8 za magharibi mwa Kenya, na mradi huo uliambatana na mafunzo kwa wakutubi kuhusu namna ya kuandaa shughuli za usomaji. Baadaye ulipanuliwa hadi maktaba nyingine za KNLS. Udhaifu wa miradi ya aina hii ni kwamba huletwa na wafadhili, na mfadhili ana tarehe yake ya kuondoka. Mkutubi aliyefunzwa akistaafu au kuhamishwa, ujuzi huondoka naye.

Lakini sababu kubwa zaidi ya kuwafunza wakutubi wa Gusii haihusu tarakilishi. Inahusu lugha.

Tangu ripoti ya tume ya Gachathi mwaka wa 1976, sera imekuwa kwamba mtoto afunzwe katika miaka yake ya kwanza kwa lugha inayozungumzwa eneo lake. Mtaala wa sasa unasisitiza vivyo hivyo hadi Gredi ya Tatu. Kwa mtoto wa mashambani Kisii au Nyamira, lugha hiyo ni Ekegusii. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira, na Abagusii kote nchini wakapita milioni 2.7. Hiyo si jamii ndogo. Ila mzazi anayeingia duka la vitabu kutafuta hadithi ya watoto kwa Ekegusii atapata rafu zilizojaa Kiingereza na Kiswahili. Mchapishaji hupiga hesabu ya mauzo, na hesabu hiyo haimpi moyo.

Hapa ndipo zana za mtandaoni zinapoweza kubadilisha mambo. Mradi wa African Storybook, ulioanzishwa na taasisi ya Saide ya Afrika Kusini na kuzinduliwa 2014, Kenya ikiwa miongoni mwa nchi za majaribio, una tovuti ambayo mtu yeyote anaweza kusoma hadithi bila malipo. Jambo la maana zaidi ni kwamba anaweza pia kuitafsiri hadithi iliyopo, au kutunga yake, akachagua michoro kutoka hazina iliyomo na kuichapisha papo hapo. Leseni yake inaruhusu hadithi hizo kunakiliwa na kusambazwa. Kuna pia programu ya simu ambayo, hadithi ikishapakuliwa, haihitaji intaneti. Umeme ukipotea, hadithi haipotei.

Mkutubi mwenye ujuzi wa zana kama hiyo hageuki tu kuwa msambazaji wa vitabu vya wengine. Anaweza kumwalika bibi wa kijiji asimulie emegano, ngano za jadi, watoto wakamrekodi kwa simu, kisha wakaketi pamoja kuiandika hadithi hiyo na kuichapisha kwa karatasi za kawaida. Kitabu cha kurasa 12 kilichobanwa kwa stepla ni kitabu halali machoni pa mtoto wa miaka saba, hasa akikuta humo mgomba, ng'ombe na majina ya kwao.

Kazi hiyo ina ugumu wake. Ekegusii ina irabu saba kimatamshi, lakini huandikwa kwa herufi tano za irabu, na waandishi hawakubaliani kila mara kuhusu tahajia. Mafunzo yanayoishia kwenye kubofya yatazaa vitabu vinavyomchanganya msomaji mchanga. Kwa hivyo wataalamu wa lugha wanahitajika mezani, pamoja na marejeo kama kamusi ya Ekegusii ya Kennedy Bosire na Gladys Machogu iliyotolewa 2013.

Kuna pia suala la sheria. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kushughulikia habari za mtoto. Mwaka wa 2023, ofisi ya Kamishna wa Data ilitoza shule moja faini ya Sh4.55 milioni kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Mkutubi anayewapiga watoto picha wakisoma na kuzirusha mtandaoni, kwa nia njema kabisa, anaiweka kaunti yake katika hatari hiyo hiyo.

Wapo wazazi watakaouliza Ekegusii itamfikisha wapi mwana wao wakati mitihani ni ya Kiingereza. Swali lao si la kupuuzwa, kwa kuwa wao ndio hulipa karo. Jibu ni kwamba mtoto hujifunza kusoma mara moja tu. Akishaelewa kuwa alama za karatasini zina maana, huuhamishia ujuzi huo katika lugha ya pili na ya tatu. Anayeanzia lugha asiyoisikia nyumbani hukariri sauti bila kuelewa.

Mafunzo yenyewe hayawezi kuwa semina ya siku mbili hotelini, yenye chai, vyeti na posho. Yanahitaji ziara za kufuatilia, kama za wale washauri wa Kisumu. Mahali pa kuanzia papo: Chuo Kikuu cha Kisii, kilichopata hati kamili mwaka wa 2013, hufunza taaluma ya maktaba, na wanafunzi wake huhitaji mahali pa mazoezi.

Linalobaki ni nani atalipa. Mipango ya maendeleo ya kaunti ya 2023-2027 inaelekea ukingoni na mipya itaandikwa. Kila mwaka, makadirio ya bajeti hupaswa kufika katika bunge la kaunti kabla ya Aprili 30, na sheria inataka wananchi washirikishwe. Katika vikao hivyo barabara, zahanati na basari hupata watetezi wengi. Mstari wa mafunzo ya wakutubi wa watoto utaingia tu iwapo kuna atakayesimama kuuitisha.